Mwalimu wa Kesho na Maji ya Lufira

Maji yanayofika Koni, katika Katanga ya Kongo (DRC), yamekwisha kupita mahali pengi. Sehemu yake imetoka mji wa Likasi, ikapita karibu na viwanda vya Shituru vilivyoanza kutoa shaba mwaka 1929, ikaingia mto Panda, na Panda ukaimwaga katika Lufira. Lufira hutulia kwanza katika ziwa Tshangalele, ambalo si ziwa la asili bali ni maji yaliyozuiwa na ukuta wa Mwadingusha. Hapo yanaporomoka kuzungusha mitambo iliyowashwa mwaka 1930, na kilomita chache mbele yanaporomoka tena: ndipo Koni. Kituo cha Koni kilikamilika mwaka 1950, kina mitambo mitatu na uwezo wa megawati 42. Enzi za Wabelgiji kiliitwa Bia, kwa heshima ya kapteni Lucien Bia aliyefia Katanga mwaka 1892. Wabelgiji waliondoka na Bia wao. Koni ikabaki Koni.

Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, haikujenga vituo hivi ili vijiji vya bonde la Lufira vipate taa. Umeme ulitakiwa migodini na viwandani, na mpaka leo migodi ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya umeme wa Katanga, huku nyaya nene zikipita juu ya vijiji vinavyowasha koroboi. Basi uhusiano wa Koni na Likasi ni huu: taka za kiwanda zinateremka na maji, umeme unapanda kwa nyaya. Mtoto anakulia katikati. Siku moja ataketi darasani, na mtu atasimama mbele yake kumfundisha somo linaloitwa mazingira.

Mtu huyo anajulikana hata kabla hajafika. Ni kijana aliyemaliza humanités pédagogiques, miaka minne ya sekondari inayomwandaa kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Katika miaka hiyo amejifunza saikolojia ya mtoto na njia za kufundisha, na amesimama mara kadhaa kutoa leçon d'essai, yaani somo la majaribio. Kila aliyepitia huko anaikumbuka. Ubaoni kuna tarehe, somo, mada na lengo, vyote kwa mwandiko wa duara. Mwalimu wake ameketi nyuma na karatasi ya kukosoa. Wanafunzi wenzake, wengine wana ndevu, wanajifanya watoto wa darasa la tatu na kuinua kidole. Halafu anakwenda stage, yaani mafunzo ya vitendo, katika shule ya kweli, na akipata diploma ya Serikali, ile wanayoiita D6, anaweza kukabidhiwa darasa lake. Tangu elimu ya msingi katika shule za umma ilipofanywa bure Septemba 2019, darasa hilo linaweza kuwa na watoto wengi kuliko madawati. Na mwalimu mwenyewe anaweza kufundisha muda mrefu bila jina lake kuingia katika orodha ya mishahara. Walimu wa namna hiyo Kongo wana jina lao, nouvelles unités, kwa ufupi NU, na kijiji kizima kinajua bukari (ugali) ya NU inatoka wapi: shamba lake, au makala, yaani makaa ya miti, anayochoma msituni na kuuza kwa gunia.

Tulishike jambo hilo la makala, maana litatukwaza tukifika kwenye maswali ya kupima mtazamo wake kuhusu mazingira.

Hamu ya kupima mtazamo wa kijana huyu ilianza mbali na Katanga. Mwaka 1975 UNESCO iliwakusanya wataalamu Belgrade, na Oktoba 1977 serikali za dunia zikakutana Tbilisi, Georgia, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, kukubaliana elimu ya mazingira iwe kitu gani. Malengo yaliyotoka Tbilisi yalipangwa katika makundi matano: kuzinduka, kujua, mtazamo, ustadi na kushiriki. Mtazamo ukawekwa katikati, kati ya kujua na kutenda. Kongo nayo, katika sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira, iliwapa wanaosimamia elimu wajibu wa kuwafundisha watu mambo hayo. Ukishaandika katika sheria kwamba mwalimu atabadili mitazamo ya watoto, swali linalofuata haliepukiki: je, wa kwake ukoje?

Vifaa vya kujibu swali hilo vilikuwapo tangu zamani. L. L. Thurstone wa Chicago alitangaza mwaka 1928 kwamba mitazamo inaweza kupimwa, na mwaka 1932 Rensis Likert akarahisisha kazi kwa njia ambayo sasa imeenea duniani kote: unampa mtu kauli, naye anachagua moja ya nafasi tano, kuanzia kukubali kabisa hadi kukataa kabisa, na katikati kuna ya asiye na hakika. Kila nafasi ina alama. Jumlisha, gawanya, umepata namba. Mwaka 1978 wanasosholojia wawili wa Marekani, Riley Dunlap na Kent Van Liere, wakatumia njia hiyo kupima jinsi watu wanavyoutazama uhusiano wa binadamu na dunia. Kipimo chao kilikuwa na kauli 12. Mwaka 2000, pamoja na wenzao wengine, wakakitengeneza upya kikawa na kauli 15. Kwa ufupi kinaitwa NEP, na ndicho kipimo cha aina hii kilichozunguka dunia kuliko vyote. Lucy Hawcroft na Taciano Milfont walipokusanya mwaka 2010 tafiti zilizokitumia, walipata 69 kutoka nchi 36, na kichwa cha makala yao kilitaja matumizi na matumizi mabaya kwa pamoja. Watafiti wengi walikuwa wamekikata na kukishona wapendavyo: huyu kapunguza kauli, yule kaongeza nafasi za majibu, kisha wote wanalinganisha namba.

Hebu tukiingize kipimo hicho katika darasa la mwisho la humanités pédagogiques mjini Likasi, tuone kinavyofanya kazi.

Kauli 15 hizo zimepangwa kwa werevu. Nane kati yake, zenye namba witiri, akizikubali mtu anapata alama za juu za upande wa mazingira. Saba zilizobaki ni kinyume: anayezikubali anapoteza alama. Shabaha ni kumnasa anayekubali kila kitu bila kusoma. Lakini fanya hesabu. Mwanafunzi anayekubali kauli zote 15, bila kusema kabisa, atapata alama 4 mara 8 na alama 2 mara 7, jumla 46 kati ya 75. Akikubali kabisa zote atapata 47. Wastani wake kwa kila kauli ni 3 na ushee, yaani katikati kabisa, palepale anapoangukia mtu aliyefikiri sana akaona mambo yana pande mbili. Kwenye jedwali la mtafiti wawili hao ni pacha. Na darasa ambalo kwa miaka kumi na zaidi limefunzwa kunakili kilichoandikwa ubaoni, na kumwambia mwalimu ndiyo, linaweza kutoa pacha wengi. Mtafiti ataandika kwamba walimu wa kesho wa Likasi wana mtazamo wa wastani. Kumbe amepima adabu.

Kisha zitazame kauli zenyewe. Mojawapo inaifananisha dunia na chombo cha angani chenye nafasi na mali chache. Ni taswira ya Marekani ya miaka ya 1960, ya watu waliokuwa wanawatazama wenzao wakirushwa mwezini. Mwanafunzi wa Likasi ataielewa, si mjinga, lakini hofu iliyomo ndani yake si hofu yake. Mji wake umesimama juu ya madini. Kilomita kama ishirini tu kutoka hapo iko Shinkolobwe, ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Kusikia kwamba mali ya dunia ni chache, mahali ambapo kila siku malori yanapita yamebeba mali na mtaa haupati lami, kunazaa swali tofauti kabisa: chache kwa nani? Nafasi ya kuandika swali hilo kwenye dodoso haipo.

Kipimo cha pili kinatufaa zaidi, kwa sababu kilitumika kwa walimu, tena Waafrika wakiwemo. Franz Bogner na Michael Wiseman walikitengeneza Ulaya katika miaka ya 1990, na kinachokitofautisha ni kwamba hakimweki mtu kwenye mstari mmoja kati ya wema na ubaya. Kina mistari miwili. Mmoja unapima hamu ya kuhifadhi, mwingine unapima hamu ya kutumia, na mtu anaweza kuwa juu katika yote miwili au chini katika yote miwili. Kuanzia mwaka 2004 kipimo hiki kiliingizwa katika mradi mkubwa wa Umoja wa Ulaya ulioitwa BIOHEAD-Citizen, ukiongozwa na Graça Carvalho wa Ureno, Pierre Clément wa Ufaransa na Bogner mwenyewe wa Ujerumani. Nchi 19 zilishiriki. Za Afrika zilikuwa Aljeria, Moroko, Tunisia, Senegal na Msumbiji. Walioulizwa ni walimu wa shule za msingi, wa biolojia na wa lugha katika sekondari, walio kazini na walio bado masomoni. Ni mfano ulio karibu zaidi na tunachokitafuta: dodoso moja, walimu na walimu tarajali, nchi tajiri na nchi maskini. Kongo haikuwamo, lakini dodoso lilikuwa na nakala ya Kifaransa, lugha ambayo kijana wa Likasi huandikia mitihani yake.

Matokeo yalikuwa na jambo la kushika. Nchi anayotoka mwalimu ilisema mengi kuhusu majibu yake, na Kaskazini na Kusini zilitengana hasa kwenye mstari wa kutumia. Walimu wa Afrika walitaka kuhifadhi, na pia walitaka kutumia.

Mstari huo wa kutumia ndio unaotukwaza. Moja ya kauli zake inasema, kwa maneno mengine, kwamba lazima tufyeke misitu ili tupate mashamba. Mweke mbele yake kijana aliyelelewa kijiji cha jirani na Koni. Mahindi aliyoyala utotoni yalitoka kwenye shamba lililokuwa msitu wa miombo. Ada ya shule yake ya msingi, kabla ya Septemba 2019, huenda ililipwa na makala. Miji ya Likasi na Lubumbashi inapikia makala hayohayo, na wanaoyanunua ni pamoja na wakaguzi, maprofesa na watafiti. Kijana akijibu kwamba anakubali, anasema habari ya kweli kuhusu chakula chake. Dodoso linaisoma kama tamaa. Akijibu kwamba anakataa, ama amejifunza kitu, ama ameshajua mwenye dodoso anataka kusikia nini. Alama yake itapanda kwa sababu yoyote kati ya hizo mbili.

Na tusidhani kuwa maskini hajali. Dai hilo lilivuma miaka mingi, kwamba kujali mazingira ni anasa ya walioshiba, mpaka kampuni ya kura za maoni Gallup ilipowauliza watu wa nchi 24 mwaka 1992 na Dunlap akaonyesha kwamba wasiwasi wa watu wa nchi maskini haukuwa mdogo kuliko wa matajiri, na mara nyingine ulizidi.

Hapa inafaa tuweke wazi kuna nini katika maji ya ukanda huu, na ndani ya watu wake. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa ukanda wa migodi wa Katanga na wa mbali na ukanda huo. Walioishi chini ya kilomita tatu kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti mara 43 ya wale wa mbali. Watafiti hao walisema hawajui watu wengine wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwanda, waliowahi kupimwa na kukutwa na kobalti ya kiasi hicho. Mwaka 2016 ukatoka utafiti mwingine, wa samaki wa Tshangalele, ukionyesha metali katika nyama yao kwa viwango vya kumtia wasiwasi anayewala. Samaki hao, perege na kambare, huuzwa Kapolowe kando ya ziwa, Likasi na mbele zaidi. Juu ya hayo, UNESCO iliitangaza sehemu ya bonde hilohilo la Lufira kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 1982. Bonde moja, hifadhi ya dunia na bomba la taka.

Mwalimu tarajali wa Likasi anaishi ndani ya habari hizi hata kama hajawahi kusoma makala ya kisayansi. Anaijua rangi ya Panda. Shangazi yake ameuza samaki. Lakini hakuna kauli hata moja kati ya zile 15, wala katika ule mstari wa kuhifadhi na ule wa kutumia, inayotaja mto wenye jina.

Kuna kisa cha kale ambacho wapimaji wa mitazamo husimuliana, na ni vizuri kila anayebeba dodoso akijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Richard LaPiere alisafiri Marekani na mume na mke Wachina, wakati ubaguzi dhidi ya Wachina ulikuwa wa wazi. Waliingia hoteli na mikahawa 251; walifukuzwa mahali pamoja tu. Baadaye LaPiere aliwaandikia wenye nyumba hizo kuuliza kama wangempokea Mchina. Waliojibu ni 128, na zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hapana. Kwa karatasi walikuwa wakali, ana kwa ana wakampokea mgeni. Leonard Bickman aliona kinyume chake mwaka 1972: watu 506 walipita karibu na takataka iliyowekwa njiani kwa makusudi, kama 2 tu katika kila 100 wakaiokota, na walipoulizwa mbele kidogo, 94 katika kila 100 walisema kuokota ni wajibu wa kila mtu. Karatasi na mkono huachana kwa pande zote mbili, na huachana zaidi pale ambapo kutenda kuna gharama.

Sasa, kitendo cha mwalimu ni kipi? Watafiti wengi huuliza kama anatupa chupa ovyo, kama anapanda miti, kama anazima taa. Mwulize mwalimu wa kijiji kisicho na umeme kama anazima taa. Kuokota chupa ni kitendo cha raia yeyote. Kitendo cha mwalimu ni somo. Ni kile anachosema na anachoruka akisimama mbele ya watoto sitini, na hicho ndicho kingepaswa kupimwa. Kwa hoja hii mimi ni mgumu: alama za dodoso bila fiche ya somo, yaani andalio la somo, ni nusu ya kipimo, na ni ile nusu rahisi.

Maana kuruka jambo darasani kuna sababu nyingi, na dodoso huzisoma zote kama moja. Mwalimu anaweza kuuruka mto Panda kwa sababu hajali. Anaweza kuuruka kwa sababu kitabu hakiutaji, nacho kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi nzima, Goma na Kikwit na Koni. Au baba za nusu ya darasa wanakula kutoka kiwandani. Au madawati yenyewe yametoka kwa kampuni: kanuni za madini za mwaka 2018 zinaitaka kampuni kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na shule ni miongoni mwa vitu vinavyoombwa. Au yeye ni NU, jina lake liko mikononi mwa ofisi fulani, na hataki kuonekana mtu wa maneno. Asiyejali na anayeogopa huandika fiche zinazofanana. Tiba zao hazifanani hata kidogo: wa kwanza anahitaji kuzinduliwa, wa pili anahitaji mtu wa kusimama nyuma yake.

Namna moja ya kuwatenganisha ni kuwapa karatasi nyeupe. Christine Moseley na wenzake nchini Marekani walichapisha mwaka 2010 njia ya kupima michoro ya walimu tarajali: unamwomba achore mazingira, kisha unatazama kama kuna watu, viumbe hai wengine, vitu visivyo hai na vitu vilivyojengwa, na muhimu zaidi, kama vitu hivyo vinagusana. Michoro mingi ya vijana wa Kimarekani ilikuwa na miti, jua na mto bila binadamu, au binadamu amesimama pembeni kama mgeni. Ningependa sana kuona michoro ya Likasi. Nikitafakari, mtoto wa Koni hawezi kuchora mto bila ukuta, wala ukuta bila nguzo, na nguzo lazima zielekee mahali. Akichora nyaya zinazokwenda mbali na nyumba yake, amesema jambo ambalo hakuna mtu atakayemwita ofisini kujieleza. Akiweka humo pia watu na viumbe wengine, kwenye karatasi ya alama anapata zote nne: watu, viumbe, vitu visivyo hai, vilivyojengwa, tena vimefungamana. Mwenzake aliyekariri ufafanuzi wa mazingira kutoka daftari la mwaka jana anaweza kuchora mwembe na jua lenye macho.

Kazi nyingine ni ya kawaida kabisa kwa mwanafunzi wa pedagojia, kiasi kwamba hatajua anapimwa mtazamo. Mpe mada: maji, darasa la nne, dakika thelathini. Mwambie aandike fiche nzima, pamoja na maswali atakayowauliza watoto na majibu anayotarajia. Fiche za maji huwa zinafanana: mvuke, mawingu, mvua, kuchemsha kabla ya kunywa, kuosha mikono. Soma safu ya maswali. Je, kuna swali linalomtuma mtoto nje ya darasa akatazame mto wake? Je, sababu ya uchafu wa maji ni mtoto asiyenawa tu, au kuna chanzo kingine juu ya mto? Katika fiche nyingi za afya lawama yote humshukia mama na mtoto, na kiwanda hakina jinsi ya kuingia kwenye sentensi. Unaweza kuhesabu mambo haya na kuyapa alama, wasahihishaji wawili wakifanya kazi mbalimbali kisha wakalinganisha, na namba utakayoipata itakuwa namba ya mwalimu, si ya raia anayejaza karatasi.

Dodoso lisitupwe. Lina faida yake pale unapotaka kulinganisha wengi, Likasi na Dakar, mwaka wa kwanza na wa nne. Ila anayeligawa asiwe profesa atakayesahihisha mtihani wao mwezi Julai, na majina yasiandikwe. Kupima kabla ya kozi na tena mara tu baada yake, mtindo unaopendwa na wanaotafuta ripoti nzuri, hupima zaidi kumbukumbu. Anayetaka kujua kitu arudi baada ya stage, kijana akiwa ameshaonja darasa la kweli. Na kila kauli iwe na mstari mtupu chini yake. Aliyechagua nafasi ya katikati na kuandika kwamba inategemea msitu ni wa nani hayuko katikati ya kitu chochote. Ana mtazamo kamili, isipokuwa kipimo hakikuwa na tundu la kuuingiza.

Fiche inahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu kabla haijafika mbele ya watoto inapita mikononi mwa watu wengine. Kwenye stage kuna mwalimu mwenye darasa, kuna mwalimu wa pedagojia anayesimamia, na kuna direkta wa shule. Yeyote kati yao anaweza kupiga mstari. Kwa hiyo mpimaji aombe nakala mbili: ile ya kwanza aliyoiandika mwanafunzi usiku, na ile iliyotiwa sahihi asubuhi. Azilinganishe swali kwa swali. Panda ukiwa umetajwa katika ya kwanza na umepotea katika ya pili, alama ya mwanafunzi ibaki ilivyokuwa katika ya kwanza. Wa kupimwa baada ya hapo ni aliyeshika kalamu nyekundu.